Asiyepanda jukwaani naye ana kazi: jibu kwa msomaji wa Ujiji

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Ujiji. Nilimaliza kidato cha sita, na tangu hapo nimo kwenye kikundi cha maigizo. Tunaitwa kwenye kampeni za afya, Siku ya Wanawake, mahafali ya shule. Siku hizi kuigiza hakunipi raha kama zamani. Napenda kupanga: nani aje saa ngapi, nguo ziko wapi, pesa imeingia kiasi gani. Wenzangu wanasema anayeacha kuigiza ameshindwa sanaa. Je, kuna kazi ya kueleweka kwa mtu kama mimi? Nisome nini? Na nianzie wapi nikiwa hukuhuku Kigoma?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeirudia, hasa pale unaposema raha yako ni kujua nguo ziko wapi na pesa imeingia kiasi gani. Watu wa namna yako ni wachache mno katika sanaa yetu. Waigizaji tunao. Tangaza mazoezi leo, iwe Ujiji, Kasulu au Kakonko, na kesho utapata vijana wa kujaza darasa. Tunayemkosa ni mtu wa kuhakikisha kwamba kikundi kilichofanya onesho zuri mwezi wa nne bado kipo mwezi wa nne mwakani, kina daftari la hesabu, kina maleba yake, yaani nguo za kuigizia, na wanachama wake bado wanasalimiana. Kwa hiyo kazi ipo. Tatizo ni kwamba sehemu yake kubwa huwezi kuikuta kwenye tangazo lolote la ajira, na ndiyo maana jibu langu litakuwa refu.

Kwanza hao wenzako. Wamezoea, kama tulivyozoea wengi, kwamba msanii ni yule anayeonekana. Lakini mengi tunayoyajua leo kuhusu namna majumba ya maonesho ya London yalivyoendeshwa enzi za Shakespeare yanatoka kwenye daftari la mtu ambaye hakuwa mwigizaji wala mwandishi. Ni Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose. Aliandika mapato ya maonesho, mikopo aliyowapa waandishi, hata bei za vitambaa. Humo tunasoma kwamba mwandishi Thomas Heywood alilipwa pauni 6 kwa mchezo mmoja mwaka 1603, na gauni la mahameli nyeusi la mhusika wa kike wa mchezo huohuo likagharimu pauni 6 na shilingi 13. Gauni lilizidi bei ya mchezo wenyewe. Anayejua nguo ziko wapi ameshika mali ya kikundi, na asikudharau mtu kwa hilo. Shakespeare naye hakuishi kwa kalamu peke yake: alikuwa na hisa katika kundi lake na katika ukumbi wa Globe uliojengwa mwaka 1599.

Hapa kwetu pia walioacha alama kubwa ni wale waliojua kuendesha. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba wanakumbukwa kwa tamthilia na kwa kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini hao hao ndio walioasisi Tuseme mwaka 1996, mradi wa wasichana wa sekondari kujadili na kuigiza vikwazo vinavyowakwamisha shuleni. Mradi wa namna ile hauendi kwa kipaji cha jukwaani tu. Kuna kuwafundisha walimu, kuna ratiba za shule, nauli, ripoti kwa wafadhili, na kuwaeleza wazazi kwa nini binti yao amechelewa kurudi. Ulipangwa vizuri kiasi kwamba FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana Afrika, likaupeleka nchi nyingine za Afrika. Tazama pia vikundi vikubwa vya Dar es Salaam, Muungano ya Norbert Chenga na TOT (Tanzania One Theatre) iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba. Onesho moja lilikuwa na ngoma, kwaya, vichekesho, sarakasi na taarabu. Watu wengi hivyo, vyombo vingi hivyo, jukwaa moja: pasipo uongozi, hata wimbo wa kwanza usingeanza.

Sasa kazi zenyewe. Nitakaa zaidi kwenye mbili, kwa sababu naona wewe umeshaanza kuzifanya bila kuzijua kwa majina.

Ya kwanza ni meneja jukwaa. Huyu ndiye anayelishika onesho tangu siku ya kwanza ya mazoezi hadi kiti cha mwisho kinaporudishwa. Mwongozaji akishamaliza kazi yake, usiku wa onesho huketi na watazamaji. Anayeendesha ni meneja jukwaa. Chombo chake ni skripti ya mwongozo. Chukua mswada wa mchezo, bandika kila ukurasa kwenye daftari kubwa, mkabala wake acha ukurasa mtupu. Kwenye ukurasa huo mtupu unaandika kila kitakachotokea zaidi ya maneno: Mama anaingia kulia akiwa na ndoo, taa ya kushoto inazimwa, ngoma inaanza neno "talaka" likitamkwa. Kila tukio linapewa namba. Usiku wa onesho unakaa pembeni ya jukwaa na daftari hilo. Kabla ya tukio unasema kwa sauti ya chini, "Taa namba saba, tayari," na fundi anaweka mkono kwenye swichi. Neno likifika unasema, "Taa namba saba, sasa." Fundi hatakiwi kubahatisha, wala hatakiwi kufuata hisia zake. Ukiugua wewe, mwingine anaketi pale na onesho linaendelea, kwa sababu kila kitu kimeandikwa.

Meneja jukwaa pia ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu usalama. Globe ile niliyoitaja iliungua mwaka 1613 katikati ya onesho, baada ya mzinga uliofyatuliwa kama sehemu ya mchezo kuwasha paa la nyasi. Kwetu hatari ni jenereta ya petroli iliyowekwa mlangoni, nyaya zinazokatiza wanapopita watoto, na mlango wa pili uliofungwa kwa kufuli ili watu wasiingie bure. Ukikuta kufuli hiyo, onesho lisianze mpaka ifunguliwe. Mwenye ukumbi atanung'unika, na ni haki yake, lakini wewe usimlegezee.

Kazi ya pili ni mzalishaji, ambaye vijana wanamwita prodyuza. Huyu anajibu maswali matatu: pesa inatoka wapi, inakwenda wapi, na watazamaji watakuja kwa sababu gani. Nikuoneshe kwa hesabu ya mfano. Tuseme mmekodi ukumbi wa shule pale Mwanga, kiingilio shilingi 3,000, wakaja watu 120. Mmepata 360,000. Ukumbi 80,000, spika na jenereta 100,000, usafiri 40,000, gari la matangazo na mabango 30,000, chakula na maji 60,000. Jumla 310,000. Zimebaki 50,000 kwa waigizaji 12, yaani elfu nne na ushee kila mmoja baada ya wiki nzima ya mazoezi. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, na hapo ndipo vikundi vingi vya Kigoma vinapofia, na wanaoondoka huondoka wakiamini kiongozi amekula pesa, hata kama hakugusa senti.

Mzalishaji anaiona hesabu hiyo kabla, siyo baada. Akiona mapato ya mlangoni hayatoshi, anatafuta mlango mwingine. Mfano ulio karibu zaidi nanyi ni shule. Wanafunzi wa sekondari wanasoma tamthilia kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili, na wengi hawajawahi kuiona ikichezwa. Tuseme shule tatu zimekubali kulipa 250,000 kila moja kwa onesho la asubuhi, ukumbi ni wao, umeme ni wao. Mmepata 750,000. Usafiri na chakula viwe 100,000 kwa kila shule, zimebaki 450,000. Kabla ya kugawana mnatenga 90,000 za mfuko wa kikundi, kisha waigizaji 12 wanapata 30,000 kila mmoja. Watu ni walewale na mazoezi ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alikaa akapiga hesabu, akaandika barua kwa wakuu wa shule mwezi mmoja kabla.

Lakini tamthilia hiyo ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, kwa hiyo andikeni kwa mwandishi au mchapishaji kuomba ruhusa, na mkikwama ulizeni Ofisi ya Hakimiliki. Naudhika sana ninapoona wasanii wanaolia kuibiwa nyimbo zao wakicheza mchezo wa mtu mwingine bila hata kumtaja. Kama mmetunga wenyewe, andikeni mapema nani ametunga. Kikundi kikipata jina, swali hilo litarudi likiwa na wanasheria.

Kazi nyingine nizitaje kwa ufupi: mtunza maleba, fundi wa taa, fundi mitambo wa sauti, mtu wa matangazo na mahusiano, mwandishi wa maombi ya ufadhili, mratibu wa ziara, meneja wa ukumbi. Juu yao wote yuko kiongozi wa kikundi. Katika nchi zenye majumba makubwa ya maonesho, uongozi huo mara nyingi hugawanywa kwa watu wawili: mkurugenzi wa sanaa anayeamua nini kichezwe, na mkurugenzi mtendaji anayesimamia fedha na watu. Napenda mgawanyo huo hata kwa kikundi cha watu kumi. Anayechagua mchezo asiwe ndiye anayeshika kitabu cha risiti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo chuo hakitakufundisha, na ambalo wewe mtoto wa Ujiji unaweza kumshinda nalo prodyuza yeyote wa Dar es Salaam: kalenda. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika. Ukitaka watazamaji wanaume Kibirizi au Katonga, panga onesho lako siku za mwezi mpevu. Ukilipanga siku za giza, wao wako ziwani. Uvuvi ulipositishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, watu walikuwa na muda lakini mfukoni hakuna kitu. Kipindi cha namna hiyo usitegemee kiingilio, tafuta mdhamini na onesho liwe la bure. Mwezi wa Ramadhani hapo Ujiji hakuna haja ya kubishana na mtu, utumieni kwa mazoezi ya mezani, yaani kusoma mchezo mkiwa mmeketi, na kuandika barua. Halafu kuna mvua. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, ukumbi wenye paa la bati lisilo na dari ni kazi bure, kwa sababu ikinyesha hata mwigizaji mwenye sauti ya mwadhini hatasikika. Weka maonesho yako makubwa kati ya Juni na Septemba. Andika haya yote kwenye kalenda moja ya ukutani na uibandike mnapofanyia mazoezi.

Umeuliza kama kuna kazi ya kueleweka, na nadhani ulimaanisha mshahara. Majumba ya maonesho yanayolipa mishahara nchini ni machache sana, na Kigoma hayapo. Wanaoishi kwa kazi hii wengi wanaifanya ndani ya kazi yenye jina jingine. Mkoa wako una mashirika mengi kuliko mikoa mingi: yako yanayohudumia wakimbizi Kasulu, iko Programu ya Pamoja ya Kigoma ya Umoja wa Mataifa iliyoanza mwaka 2017, yako ya uhifadhi upande wa Gombe na Mahale. Hawatangazi nafasi ya meneja wa maigizo. Wanatangaza afisa uhamasishaji, mratibu wa vijana, msaidizi wa mawasiliano ya jamii. Ukienda na ushahidi kwamba umeendesha maonesho kadhaa, una bajeti zake, una ripoti na picha, unakuwa na kitu ambacho mwenye cheti kitupu hana. Tahadhari moja: mradi huisha. Usiache kikundi kikategemea shirika moja, na msikubali kila mchezo mnaoandikiwa. Mkigeuka kuwa spika ya kila kampeni, watu wa Gungu wataacha kuja kwa sababu wanajua mchezo utaishia kwenye hotuba.

Serikalini kuna afisa utamaduni wa halmashauri. Nafasi hizo hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira na kwa kawaida huhitaji shahada. Kuna redio, ambako mtu anayejua kupanga muda hakosi pa kuanzia. Na kuna matamasha: la Bagamoyo, lililoanza mwaka 1982, ZIFF la filamu na Sauti za Busara la muziki kule Zanzibar. Matamasha huhitaji mikono mingi kwa siku chache. Ukifanya kazi ya meneja jukwaa msaidizi huko hata mara moja, utaona kwa macho namna bendi tano zinavyopishana jukwaani bila kugombana, na utarudi Kigoma na namba za simu za mafundi.

Kuhusu kusoma. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, inatoa astashahada na stashahada za sanaa za maonesho, pamoja na mafunzo ya uzalishaji wa muziki na filamu. Ukitaka shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vinafundisha sanaa za maonesho, na wewe una kidato cha sita, kwa hiyo angalia ufaulu wako unakuruhusu wapi. Ila nikupe maoni yangu ambayo baadhi ya walimu wenzangu hawayapendi: kwa mtu mwenye mwelekeo wako na asiye na ada ya kwenda mbali, cheti cha uhasibu au usimamizi wa biashara kinaweza kukufaa haraka zaidi kuliko cheti cha sanaa, kwa sababu jukwaa unalo tayari. Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, ina kampasi hapo Kigoma, na Chuo Kikuu Huria kina kituo cha mkoa. Treni itakupeleka hadi Tabora, ambako Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi linalofundisha utunzaji wa kumbukumbu na uhazili. Soma hesabu kwa cheti, endelea kujifunza jukwaa kwa vitendo, na Bagamoyo uende baadaye ukiwa na maswali yako mwenyewe.

Kuna jambo la uongozi lazima niliseme wazi kwa sababu wewe ni msichana na kikundi chako bila shaka kina mabinti wadogo zaidi yako. Mazoezi ya jioni yanayoisha saa tatu usiku, safari za kulala nje ya mji, kiongozi anayegawa nafasi za kuigiza kwa kujuana: humo ndimo wasichana wengi wanapoumizwa, na sanaa inapata jina baya kwa wazazi. Ukishika uongozi, weka kanuni kwa maandishi. Mazoezi yaishe kabla ya giza. Anayerudi mbali asirudi peke yake. Kwenye safari, vyumba vya wasichana vijulikane na mtu mzima mwanamke awepo. Malalamiko yapelekwe kwa watu wawili, mmoja asiwe kiongozi. Siku hizi mashirika mengi yanadai kanuni hizo kabla ya kutoa mkataba, lakini hata yasingedai, mzazi wa Ujiji anayemruhusu binti yake aje kwenye mazoezi anastahili kuziona.

Mwisho umeuliza uanzie wapi. Mkutano ujao wa kikundi, usiombe uenyekiti. Omba ushike mambo mawili kwa miezi mitatu: daftari la fedha na sanduku la maleba. Kila pesa inayoingia, hata elfu mbili, iandikwe mbele ya mtu wa pili. Malipo yapitie Lipa Namba ya kikundi au akaunti yenye saini za watu watatu, siyo simu ya mtu binafsi. Kila mwisho wa mwezi soma hesabu kwa sauti mbele ya wote, pamoja na deni. Maleba yaorodheshwe: khanga ngapi, kanzu ngapi, ngoma ngapi, nani ameazima nini.

Wakati huohuo nenda ofisi ya afisa utamaduni wa manispaa, ukaulize kuhusu kusajili kikundi BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984. Mtahitaji katiba, na hapo utawashirikisha wenzako wote, hata wale wanaosema umeshindwa sanaa. Wape kifungu cha kuandika. Muulize pia hatua za kibali cha maonesho ya jukwaani, kwa sababu michezo ya kuigiza nayo imo kwenye Sheria Na. 4 ya 1976 pamoja na filamu. Muulize na kuhusu Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ambao hutoa mikopo kwa wasanii, ila msikope mpaka daftari lenu liwe na miezi sita ya hesabu zilizonyooka.

Kisha chukua mchezo mnaouandaa sasa, wowote ule, uutengenezee skripti ya mwongozo kama nilivyoeleza. Ukishaimaliza, piga picha kurasa mbili tatu unitumie, nitazisoma na kukuonesha pa kurekebisha kabla ya onesho lenu.